Jinsi Virusi vya Batobato Vinavyoushinda Muhogo

Maelezo yaliyotolewa kwa makatibu na wanachama, Itetemia, Tabora



Mkulima akiona majani ya muhogo yamejikunja na kuingia mabaka ya njano, husema mmea ule ni dhaifu. Hukumu hiyo si ya haki. Muhogo hupigana, na kushindwa kwake kuna sababu.

Kirusi cha batobato huletwa na inzi weupe, au huja kimejificha ndani ya pingili. Kikisha kuingia katika seli, huilazimisha seli ichapishe maagizo yake. Mmea hugundua hila hiyo. Huyakatakata maagizo hayo vipande vifupi, kisha hutumia vipande vile kama vielelezo: kila agizo linalolingana navyo hutafutwa na kuharibiwa. Ni mithili ya karani wa ghala aliyehifadhi kipande cha stakabadhi ya kughushi, akawa anakilinganisha na kila stakabadhi iletwayo mezani.

Lakini kirusi nacho kina ujanja wake. Kirusi cha batobato ya Afrika hutengeneza protini iitwayo AC4, nayo huvinyakua vielelezo hivyo, karani akabaki mikono mitupu. Kirusi cha jamii ya Afrika Mashariki, cha aina iliyopatikana Kameruni, hutumia protini nyingine, AC2, kuuvuruga ulinzi huo kwa njia tofauti. Mwaka 2004 watafiti walieleza kwamba viwili hivyo vikikutana katika shina moja husaidiana, na ugonjwa ukawa mkali mno.

Uganda iliyaona makubwa zaidi. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 mashamba yaliteketea huko, na mwaka 1997 ikabainika kuwapo kirusi chotara, kilichounganisha sehemu za virusi viwili. Kabla ya mwaka 2000 kilikwisha kuingia Kagera.

Yafaa ikumbukwe kwamba muhogo ni mgeni, ulioletwa na Wareno kutoka Amerika ya Kusini, ilhali virusi hivi ni vya Afrika. Mababu wa mmea huu hawakupata kukutana navyo. Ndiyo maana huko Amani, mabwana Storey na Nichols waliupandisha muhogo na mti wa mpira wa jamii yake, wakitafuta ukinzani.

Itetemia yaijua safari ya mizigo tangu enzi za misafara. Inzi mweupe haruki mbali sana kwa siku moja, bali furushi la pingili juu ya basi huvuka mikoa mitatu kabla ya jua kuchwa. Basi chama kinachowanunulia wanachama pingili kiulize zimetoka shamba gani, na kama shamba hilo lilikaguliwa na TOSCI. Dawa ya kuliponya shina lililougua haipo. Shina lenye dalili ling'olewe likiwa changa, wala pingili zake zisipandwe, hata kama tawi moja laonekana zima.