Elimu ya Mataifa: Chagueni Lugha na Mahali Kabla ya Jina la Shahada

Matini ya mhadhara uliotolewa Tibirinzi, Chake Chake, mbele ya wahitimu wa Kidato cha Sita na wazazi wao

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Bwana wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Masahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema. Amma baad.



Nimetakiwa nizungumze juu ya jambo ambalo kijana mmoja aliniuliza baada ya sala ya Ishaa. Anataka kusoma shahada ya kwanza ya uhusiano wa kimataifa, pamoja na kile kinachoitwa masomo ya maeneo, yaani kuisoma sehemu moja ya dunia kwa lugha yake, historia yake, sheria zake na uchumi wake. Baba yake amekataa. Hoja ya baba ni fupi: daktari tunamjua, mwalimu tunamjua, mhasibu tunamjua, huyu wa mataifa atafanya kazi gani, na mabalozi ni wangapi? Kijana naye hakuwa na jawabu ila kusema kwamba anayapenda masomo hayo.

Ndugu zangu, baba huyu hakukosea kuuliza. Ada inatoka katika karafuu na katika jasho. Na kijana hakukosea kupenda. Kilichokosekana baina yao ni maelezo, na ndiyo niliyokuja kuyatoa.

ELIMU HII SI NGENI KWETU

Waislamu walipokuwa Makka, wachache na wanyonge, walikuwa wakifuatilia habari za vita baina ya Warumi na Wafursi, na Qur'ani ikateremka kulizungumzia jambo hilo mwanzoni mwa Suratur Rum. Mateso yalipozidi, Mtume (s.a.w.) hakuwaambia Masahaba wakimbilie popote. Aliwaelekeza Uhabeshi, kwa kuwa alijua tabia ya mfalme wa nchi ile kwamba hadhulumiwi mtu kwake. Na Jaafar bin Abi Talib (r.a.) aliposimama mbele ya Najashi, alisoma katika Suratu Maryam. Alimjua anayemsikiliza, akajua aanzie wapi.

Madina nako, Zayd bin Thabit (r.a.) aliamrishwa ajifunze maandishi ya Mayahudi, na inasimuliwa kwamba aliyamudu katika muda wa nusu mwezi hivi, akawa msomaji na mwandishi wa barua zao. Karne kadhaa baadaye, al-Biruni alijifunza Kisanskriti na kuandika kitabu kikubwa juu ya Bara Hindi, yapata mwaka 1030. Hakuandika kwa kusikia, aliingia katika lugha ya watu wenyewe. Hayo ndiyo masomo ya maeneo, hata kama jina hilo halikuwapo wakati ule.

WENZETU WANATUSOMA

Mwaka 1840 merikebu Sultana iliondoka Unguja ikafika New York, na ndani yake alikuwamo mjumbe wa Sayyid Said bin Sultan, Ahmad bin Naaman. Wakati huo visiwa hivi vilikuwa vikipeleka watu kwenda kuitazama dunia.

Miaka hamsini baadaye mambo yalikuwa yamegeuka. Mwaka 1887 Wajerumani walifungua mjini Berlin taasisi ya lugha za Mashariki, na Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha zilizofundishwa humo, kwa sababu walikuwa wameanza kuimiliki Tanganyika na walihitaji watumishi wanaoijua lugha ya watu. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wao. Ndani yake Ujerumani ilikubali himaya ya Uingereza juu ya Unguja na Pemba, nayo ikapewa Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini. Pemba imetajwa kwa jina katika mkataba ule, lakini hakuna Mpemba aliyeulizwa. London nayo ikafungua chuo chake cha masomo ya Mashariki mwaka 1917, na mwaka 1938 Afrika ikaongezwa katika jina la chuo hicho.

Siyasemi haya ili tuwachukie watu kwa kusoma. Hadi leo wageni wanakuja Unguja kujifunza Kiswahili, na wengi wao ni watu wema. Ninauliza swali moja tu: wao wanatusoma sisi, sisi tunamsoma nani?

KARAFUU NA JAKARTA

Mtatizame mfano ulio mlangoni petu. Sehemu kubwa zaidi ya karafuu za Zanzibar hutoka kisiwani hapa. Kwa miaka mingi mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, na karafuu ile walikuwa wakiichanganya na tumbaku katika sigara zao ziitwazo kretek. Kuanzia miaka ya 1970 serikali yao ilihimiza watu wake wapande mikarafuu. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wanakaribia kujitosheleza, na bei ya dunia ikaporomoka. Wazee waliomo humu wanakumbuka miaka ile kuliko ninavyoweza kuieleza mimi.

Mikarafuu haizai kwa mwaka mmoja. Tangu mche kutiwa ardhini hadi kuvunwa hupita miaka. Maana yake ni kwamba habari ilikuwapo, ikiota waziwazi katika mashamba ya wenzetu, kabla haijafika katika mifuko yetu. Nani Pemba alikuwa akisoma magazeti ya Jakarta? Na nani anayasoma leo? Sisemi kwamba msomi mmoja angeizuia bei isianguke. Nasema mkulima angeonywa mapema, na mwenye kuonywa hujipanga.

MKATABA NILIOUSOMA VIBAYA

Sasa nitataja kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifanya nikubali kuzungumza leo.

Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja aliniletea karatasi. Binti yake alikuwa amekwenda nchi moja ya Ghuba kufanya kazi za nyumbani, na nakala ya mkataba ilikuwa kwa Kiarabu. Mimi nimesoma chuo kikuu kwa Kiarabu tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na nasomesha fiqhi. Nikaisoma mbele yake bila ya kusita. Nikakuta neno kafili. Katika vitabu vya fiqhi, mlango wa kafala ni mlango wa dhamana: mtu anajitwika jukumu la mwenzake. Nikamwambia mzee, "Tulia, binti yako ana mdhamini."

Baada ya miezi binti akapiga simu. Mshahara unacheleweshwa, anataka kuhamia nyumba nyingine, na hawezi. Kafili hataki, na pasipoti anayo yeye. Mzee akaja tena chuoni, akakaa, akaniuliza kwa upole, "Maalim, si ulisema ana mdhamini?"

Sikuwa na jawabu. Maneno yote ya karatasi ile nilikuwa nayajua, nchi ndiyo sikuijua. Sikujua kwamba katika utaratibu wa kazi wa nchi zile neno kafili lilikuwa na maana nyingine: mwajiri ambaye ukaazi wa mfanyakazi umefungwa kwake, na ambaye bila ya ridhaa yake kuhama ni shida kubwa. Sikujua kwamba sheria za Ghuba hazifanani. Sheria ya Kazi ya Oman ya mwaka 2003 haikuwahusisha watumishi wa nyumbani, wakawekewa kanuni zao mbali mwaka 2004, na Kuwait ilitunga sheria maalumu ya watumishi wa nyumbani mwaka 2015. Mwenye kuyajua hayo angemwambia mzee, kabla binti hajapanda ndege, aulize nini, kifungu gani kiandikwe, na akipata dhiki aende ofisi ipi. Binti alirudi salama baada ya miaka miwili, Alhamdulillah. Lakini miaka ile miwili ilikuwa yake, na aliyempa baba yake utulivu wa uongo ni mimi.

Ndugu zangu, Kiarabu changu peke yake hakikumfaa. Na kijana aliyesoma mambo ya mataifa bila ya Kiarabu asingeweza hata kuifungua karatasi ile. Vinatakiwa vyote viwili kwa mtu mmoja.

NAMNA YA KUCHAGUA

Kwa hivyo, enyi vijana, jina la shahada msilitangulize. Jiulizeni haya.

Kwanza, lugha gani? Shahada ya mataifa isiyokuwa na lugha ya kigeni ni maneno ya jumla tu. Wengi wenu mmekaa chuoni miaka kumi na mnazo herufi, sarufi na matamshi ya Kiarabu. Huo ni mtaji ambao mwanafunzi wa London au Beijing anaulipia fedha nyingi, nanyi mnaudhani ni wa msikitini tu. Na Kiswahili chenu ni mtaji pia. Umoja wa Afrika ulikifanya kuwa lugha ya kazi Februari 2022, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki makao yake ni Zanzibar. Wafasiri na wakalimani watatoka wapi?

Pili, mahali gani? Usiseme "dunia". Sema Ghuba, au Bara Hindi, au Indonesia, au Uchina, ambao ndio walioijenga upya hospitali yetu ya Abdalla Mzee pale Mkoani, ikafunguliwa mwaka 2016. Chagua sehemu yenye mafungamano na watu wako, uijue kwa undani.

Tatu, ujuzi gani wa kufanyia kazi? Elimu hii haina leseni kama ya daktari au wakili. Basi iambatanishe na sheria, au uchumi, au takwimu, au tafsiri. Mwenye kujua Ghuba na sheria za kazi ana la kufanya. Mwenye kujua Ghuba tu atasifiwa kwa mazungumzo yake.

Nne, chuo kinatambuliwa? Kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisheni kwa Tume ya Vyuo Vikuu kwamba chuo na shahada vinatambuliwa, hasa mnapokwenda nje. Wengi tuliosoma kwa Kiarabu tumerudi na vyeti vizuri, tukahangaika kuvifasiri na kuvithibitisha. Ulizeni pia masharti ya bodi ya mikopo ya elimu ya juu ya Zanzibar na ile ya Tanzania. Na mzingatie usalama wa nchi. Vita vilipozuka Sudan tarehe 15 Aprili 2023, vijana wetu wa Khartoum walirudishwa nyumbani masomo yakiwa katikati.

Tano, unaijua njia ya kazi? Msidanganywe na ubalozi. Mambo ya Nje ni jambo la Muungano kwa mujibu wa Katiba ya 1977, nafasi ni chache na waombaji ni wa nchi nzima. Mzanzibari mwenzetu Dkt. Salim Ahmed Salim alipelekwa kuwa balozi Misri mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 22, akaja kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuanzia 1989 hadi 2001. Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Msumbiji, leo kina jina lake. Lakini zama zile nchi ilikuwa changa na wasomi wachache, na yeye mwenyewe aliendelea kusoma akiwa kazini. Nyinyi tazameni pia biashara ya nje, forodha, utalii, mashirika ya misaada, magazeti, ufasiri na ofisi zinazosimamia ajira za nje. Huko ndiko wengi watakakopata riziki.

Mkiyajibu matano haya, rudini kwa wazazi, mshauriane, kisha msali Istikhara. Mkishindwa kuyajibu, subirini au chagueni fani nyingine. Si aibu.

KWA WAZAZI

Wazee wangu, kijana akija na majibu, msimkatalie kwa kuwa kazi yake haina jina mtaani. Na wala msiifanye elimu hii kuwa ya wanaume. Wanaosafiri kwenda kufanya kazi katika nyumba za Ghuba wengi wao ni binti zetu. Anayefaa zaidi kukaa nao, kuwasikiliza na kuwasomea mikataba yao kabla ya safari ni binti mwenzao aliyesoma.

Yule kijana wa Ishaa nilimpa maswali haya matano katika karatasi. Wiki iliyofuata alikuja na baba yake. Amechagua Kiarabu, Ghuba na sheria, na bado wanazungumza juu ya ada. Baba hajakubali, lakini sasa anauliza gharama. Zamani alikuwa haulizi kitu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape vijana wetu elimu yenye manufaa, awalinde binti zetu walioko mbali, na atusamehe sisi walimu tunapojibu tusilolijua.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.