Kinyama Kisipofika Maabara

Limfoma ni saratani ya chembe za kinga, na ndani ya uvimbe wake seli za saratani hazikai peke yake. Zimezungukwa na chembe T, ambazo kazi yake ni kuua seli mbovu, na makrofaji, chembe zinazomeza mabaki. Aina ya chembe hizo na wingi wake ni alama za kubashiri kama mgonjwa atapona. Mwaka 2010 ilionekana kwamba katika limfoma ya Hodgkin, makrofaji zikiwa nyingi, tiba huelekea kushindwa. Seli nyingine za saratani huvaa protini ya PD-L1 inayozifunga mikono chembe T; dawa ya kuifungua kamba hiyo, nivolumab, iliidhinishwa Marekani kwa Hodgkin mwaka 2016.

Alama zote hizo husomwa kwenye kinyama cha uvimbe. Kinyama kisipokatwa, hakuna kinachosomwa.

Kanda ya Ziwa ya Tanzania inaijua zaidi limfoma ya Burkitt, iliyoelezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala. Hushika taya la mtoto. Virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964 katika vinyama kutoka Uganda, vinahusika nayo. Malaria inahusika pia. Utafiti wa magharibi mwa Kenya ulionyesha kuwa watoto wanaougua malaria mara kwa mara wana chembe T dhaifu dhidi ya virusi hivyo. Huko Mara Kaskazini, katika mkoa wa Mara unaopakana na mkoa wa Simiyu, watoto walipewa klorokwini kati ya 1977 na 1982. Saratani ilipungua, ila ilikuwa imeanza kupungua kabla ya vidonge, kwa hiyo ushahidi ulibaki nusu.

Hotuba za Februari 4, Siku ya Saratani Duniani, zimesikika Bariadi, mkoani Simiyu. Zimesifu mashine na majengo. Kinyama hakikutajwa. Mtoto wa Meatu au Itilima akivimba taya, hung'olewa jino, hupewa vidonge, hurudishwa nyumbani, huku seli za Burkitt zikiweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Kinyama hakikatwi. Kikikatwa, formalini ya kukihifadhi hakuna. Formalini ikipatikana, nauli ya kukifikisha hospitali ya Bugando, Mwanza, hakuna.

Na ugonjwa huu unatibika! Miaka ya 1960 Burkitt mwenyewe alishuhudia uvimbe ukiyeyuka kwa dozi chache za dawa. Halmashauri za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu zitenge fedha za formalini na za usafiri wa vinyama. Mganga wa zahanati asing'oe jino kabla ya kuuliza uvimbe ulianza lini. Na mzazi asikubali wiki ya pili ya vidonge: adai karatasi ya rufaa, kinyama kikatwe, kisafirishwe, kisomwe.