Utunzaji wa Betri za Magari ya Chama Baada ya Msimu

(Maelezo yaliyotolewa kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Msimu wa ununuzi unapokwisha, mizani hufungwa, magunia huhesabiwa, vitabu hupelekwa kukaguliwa, na lori la chama huegeshwa uani. Kila mali huandikwa katika daftari, isipokuwa umeme uliobaki ndani ya betri. Katika mikoa ya pamba kama Shinyanga na Simiyu, ununuzi huanza kwa kawaida mwezi wa Mei au Juni. Siku hiyo ikifika, pamba imejaa ghalani na wakulima wanangoja, dereva huwasha gari nalo halitoi hata mlio. Halmashauri hulazimika kununua betri kwa haraka, nje ya makisio. Fedha hizo hukatwa katika jasho la mwanachama.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya umeme huoza. Betri ya risasi na asidi hupoteza nguvu hata ikiwa haikufungwa kwenye gari, na upotevu huo huongezeka takriban maradufu kila joto linapopanda nyuzi 10 za Selsiasi. Kwa hiyo betri iliyohifadhiwa chini ya bati lenye jua kali hudhoofika upesi kuliko ile iliyo katika chumba chenye kivuli na hewa.

Hasara kubwa zaidi hutokana na vyombo vinavyokula umeme gari likiwa limezimwa: saa, king'ora cha kuzuia wizi, au chombo cha kuonyesha mahali gari lilipo. Hesabu yake ni nyepesi. Chombo kinachotumia ampea 0.05 tu, kwa saa 24 za siku na siku 30 za mwezi, hula ampea-saa 36. Kwa miezi mitatu hula 108. Betri ya ampea-saa 100 itakuwa imekwisha kabla ya miezi hiyo kutimia.

Betri ikikaa bila umeme, chumvi ya risasi hujijenga juu ya mabamba yake na kuwa ngumu. Ikikaa hivyo muda mrefu, hata fundi hodari hawezi kuirudishia uwezo wake wote. Ndiyo maana haifai kungoja mwanzo wa msimu ndipo betri ipelekwe kuchajiwa.

Yafuatayo yafanywe na kila chama:

1. Kabla ya kuegesha gari, betri ijazwe umeme kamili, na vichwa vyake visafishwe.

2. Waya wa hasi ufunguliwe kwanza, na wakati wa kurudisha ufungwe mwisho. Spana ikigusa bodi ya gari wakati wa kufungua chanya, huku hasi ingali imefungwa, cheche kubwa hutokea.

3. Betri ipimwe kila mwezi, baada ya kupumzika saa kadhaa. Volti 12.6 au zaidi ni betri iliyojaa; 12.4 imebaki na kiasi cha robo tatu, nayo ichajiwe, 12.2 imebaki na nusu. Malori makubwa yenye volti 24 hutumia betri mbili, na kila moja ipimwe peke yake.

4. Katika betri zenye vizibo, maji yakipungua yaongezwe maji yaliyotoneshwa. Maji ya kisima yana chumvi zinazoharibu mabamba, na asidi isiongezwe.

5. Betri ichajiwe polepole. Kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, yaani ampea 10 kwa betri ya ampea-saa 100, kinatosha. Mahali hapo pawe na hewa, pasiwe na sigara wala kibatari, kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, ambayo hulipuka.

Chama kisicho na umeme wa gridi kinaweza kutumia bamba dogo la umeme wa jua, mradi liwe na kidhibiti cha chaji ili betri isichajiwe kupita kiasi.

Madereva wengi huwasha injini dakika kumi kila wiki wakidhani wanaisaidia betri. Kuwasha huchukua umeme mwingi, na injini inayonguruma pale pale kwa muda mfupi hurudisha kidogo, huku dizeli ya chama ikiteketea. Ni heri kufungua waya na kupima.

Mwisho, kazi hii isiachwe mikononi mwa dereva peke yake. Katibu afungue ukurasa katika daftari la magari, aandike tarehe, kipimo cha kila betri na jina la aliyepima, na Halmashauri iuone katika kila kikao. Mwanachama naye ana haki ya kuuliza: lori letu lilipimwa lini? Chama chenye jibu lililoandikwa kitasomba mazao siku ya kwanza ya msimu.