Mbuzi Hutafutwa kwa Alama Zake

(Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wa huduma za jamii mbele ya vikundi vya kujisaidia, Kalobeyei)



Naanza na swali. Mbuzi wako akipotea, unamwambia nini jirani? Husemi tu, "Wezi ni watu wabaya." Unasema: ni jike, mweupe mwenye madoa meusi, sikio la kushoto limekatwa, alionekana jana jioni kwenye laga. Jirani akisikia hivyo, anajua aanzie wapi.

Sasa, mbona tukitendewa vibaya hospitalini tunasema tu "madaktari ni wabaya", halafu tunanyamaza?

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa kikundi alinijia akilia. Mkaza mwanawe alishikwa na uchungu usiku. Walipofika kwenye kituo kimoja cha afya waliambiwa wangoje asubuhi. Mtoto alizaliwa nje, kando ya ukuta, akafa. Mimi nilikasirika, nikaandika barua kali, kurasa mbili. Niliandika hasira yote, lakini tarehe sikuandika. Jibu likaja: Ilikuwa siku gani? Nani alikuwa zamu? Kadi ya kliniki iko wapi? Tulipoanza kutafuta, familia ilikuwa imehama na mifugo, na kadi imepotea. Mambo yakaishia hapo. Kosa la usiku ule halikuwa langu. Kosa la barua lilikuwa langu, na mpaka leo linaniuma.

Ndugu zangu, lazima tumjue mtu anayepokea barua yetu. Nairobi kuna Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, ambalo mpaka mwaka 2019 liliitwa Bodi. Pale wako maafisa ambao kazi yao ni malalamiko. Mkubwa wao si wakili wako, wala si adui wa daktari. Yeye ni kama mzee anayeketi katikati. Anapokea barua, anaiandikisha, anamtaka daktari aseme upande wake, anaitisha faili ya mgonjwa, kisha jambo linapelekwa mbele ya kamati. Daktari akipatikana na kosa anaweza kuonywa, kurudishwa mafunzoni, kusimamishwa kazi kwa muda, au jina lake kufutwa kabisa. Kumfunga mtu jela si kazi ya Baraza. Hiyo ni ya mahakama.

Lakini afisa huyo hakuwepo usiku ule. Hajui Kalobeyei ikoje usiku. Anajua tu yale uliyoandika.

Jambo lingine: sisi huku kila mwenye koti jeupe tunamwita daktari. Katika zahanati nyingi anayekuhudumia ni muuguzi, au tabibu, yule tunayemwita klinikal ofisa. Muuguzi ana Baraza lake la Wauguzi, na tabibu ana lake. Kwa hiyo uliza: "Wewe ni nani, na kazi yako ni ipi?" Kuuliza si matusi. Na kama shida ni dawa hakuna, usimlaumu muuguzi. Tangu mwaka 2013 zahanati za serikali ziko chini ya kaunti, basi peleka neno hilo kwa ofisi ya afya ya kaunti, Lodwar.

Mtasema, "Sisi ni nani hata tulalamike?" Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Imesema mtu, haikusema raia. Kwa hiyo mwenyeji na mkimbizi, wote wamo. Nayo Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 14, inakupa haki ya kulalamika na kujibiwa kwa maandishi katika miezi mitatu. Tena kila kituo kinatakiwa kubandika mahali pa wazi njia ya kupeleka malalamiko. Mkifika, tazameni ukutani. Kama hakuna kitu, ulizeni.

Basi barua iwe na alama hizi: siku na saa, jina la kituo, aliyehudumu, au alivyoonekana kama jina hulijui, mambo yalivyofuatana, bila kuongeza chumvi, majina ya walioona, na unachotaka kifanyike. Weka nakala ya kadi na risiti. Ile kadi yenyewe usiitoe mkononi.

Asiyejua kuandika asirudi nyuma. Katibu wa kikundi aandike vile mwenyewe anavyosema, amsomee kwa Kiturkana, kisha aweke kidole gumba. Kiswahili chatosha, ni lugha rasmi ya nchi hii. Na fanyeni mapema, kabla watu hawajahama na mvua.

Tukiandika vizuri, muuguzi mwema analindwa pia, kwa sababu lawama haimwangukii kila mtu. Na mama mwingine akifika usiku, huenda mlango ukafunguliwa.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi:

1. Ni jambo gani la hospitali tumelinung'unikia mwaka huu bila kuliandika?
2. Katika kikundi chetu, nani ataandika, na daftari litakaa kwa nani?
3. Je, kituo chetu kimebandika njia ya malalamiko? Nani ataenda kutazama?