MAJI YA INJINI HAYAPOTEI BURE

Maneno yaliyosemwa na mfanya kazi wa reli mbele ya wanachama wenzake mjini Voi



Mimi si mwalimu wala si injinia. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, nikatoka hapo nikaingia kazini, na mengi niyajuayo nimeyapata kwa mikono yenye grisi. Katibu ameniomba nizungumze juu ya injini za dizeli zinazomaliza maji, maana wengi wetu tuna gari la ushirika, au twaendesha gari la mtu mwingine, au tumemwachia kijana gari atafute riziki. Nilikubali kwa sababu moja. Kuna injini iliyokufa mikononi mwangu, nami namjua aliyeiua.

Baadhi yenu mwaijua habari hii kwa kuwa pesa zenu zilikuwamo. Sisi watu 12 tulichanga, tukanunua gari la dizeli lililokwisha kutumika, ili litelemshe mboga kutoka Wundanyi na kupandisha saruji na unga. Tulipeana zamu za kulitunza. Tena tuliandika sheria moja tukaiona nzuri sana: gari likiharibika katika zamu ya mtu, atalipa yeye.

Katika zamu yangu niliona asubuhi moja maji ya rejeta yamepungua kiasi cha kikombe. Nikajaza. Kesho yake kikombe kingine. Nikajaza, nikanyamaza. Wiki tatu nilitembea na mtungi wa maji chini ya kiti, nikiomba Mungu zamu yangu iishe salama. Siku moja tulipokuwa tukipanda kutoka Mwatate na mzigo wa saruji, mshale wa joto ulipanda mpaka kwenye alama nyekundu, halafu ukashuka ghafula. Nikafurahi, nikadhani injini imepoa. Kumbe maji yalikuwa yamekwisha, na kile kipimo kilikuwa hakiguswi na maji tena. Hatukufika Wundanyi. Gaskiti ilikuwa imeungua na kichwa cha injini kimepasuka. Michango yetu ya miezi saba ilikwenda siku ile.

Ndugu zangu, maji ya injini hayapotei bure. Yana mahali yanapokwenda. Ukiyajaza tu bila kuuliza yanakwenda wapi, unanunua hasara kwa kikombe.

KWA NINI DIZELI

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Pistoni huikandamiza hewa mpaka iwe moto wa kutosha kuwasha mafuta yenyewe. Katika injini nyingi za petroli hewa hukandamizwa kiasi cha mara 8 mpaka 12, bali katika dizeli ni mara 15 mpaka 22. Mjerumani Rudolf Diesel aliionyesha injini yake mwaka 1897, wakati reli yetu ilipokuwa ikikata nyika ya Taru kuja huku Voi.

Kati ya bloku na kichwa cha injini kuna bamba jembamba lenye matundu, ndilo gaskiti. Kazi yake ni kutenga vitu vitatu visionane: moto wa silinda, maji na oili. Kichwa kikipata joto kupita kiasi hupinda, na hapo gaskiti haibanwi sawasawa. Kwa hiyo mara nyingi gaskiti si chanzo cha ugonjwa, bali ni maiti yake. Ukibadilisha gaskiti na kuiacha rejeta iliyoziba, baada ya muda mfupi utanunua gaskiti nyingine.

Tena msidharau kifuniko cha rejeta. Kile si kizibo tu. Hushika presha, na maji yaliyo katika presha huchelewa kuchemka. Mombasa maji ya sufuria huchemka kwa nyuzi 100. Wundanyi, kiasi cha meta 1,400 juu ya bahari, huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Kifuniko kizima huyawezesha maji ya injini kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Kifuniko kilichochoka chaweza kukusitiri kwenye barabara tambarare ya Maungu, lakini kitakuumbua mlimani, kwa gia ndogo, mzigo mgongoni na upepo hakuna.

Wazee wetu walioendesha Garratt za daraja la 59, zilizoanza kuja mwaka 1955, walijua haya. Mchochea moto alikuwa na kioo cha maji mbele ya macho yake, na ole wake akikisahau. Maji yakishuka chini ya bamba la juu ya tanuri, boila huharibika, hata huweza kuua watu. Mvuke umeondoka katika kazi yetu, lakini amri ya kutazama maji haijaondoka.

JINSI YA KUTAFUTA

Fanyeni kwa utaratibu huu, wala msiruke hatua.

Kwanza, pima asubuhi injini ikiwa baridi kabisa. Weka alama kwenye chupa ya maji, andika maili na kiasi ulichojaza. Fanya hivyo siku tatu. Lakini kama maji yanapungua kwa kasi, au mshale unapanda, usingoje siku tatu. Gari lisitoke.

Pili, tafuta nje. Tazama rejeta, mipira yote na vibano vyake, na lile tundu dogo chini ya pampu ya maji. Likitoa machozi, pampu imekwisha. Tazama vizibo vya chuma ubavuni mwa bloku. Gusa zulia la dereva. Likiwa limelowa, huenda rejeta ndogo ya hita inavuja. Maji yenye dawa yakikauka huacha alama nyeupe au ya rangi ya dawa ile. Alama hiyo ndiyo nyayo za mwizi.

Tatu, omba fundi apime kwa pampu ya mkono. Hufungwa mahali pa kifuniko, injini ikiwa baridi, na kutiwa presha ileile iliyoandikwa kwenye kifuniko, wala isizidi. Mshale ukikaa robo saa bila kushuka, nje hakuna tundu kubwa. Ukishuka na hamwoni tone, maji yanaingia ndani. Kifuniko nacho kipimwe.

Nne, tafuta ndani. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, washa, utazame. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyobaki. Mapovu yasiyokoma, yanayozidi ukikanyaga mafuta, ni moshi wa silinda uliopenya. Mipira ikiwa migumu mara tu baada ya kuwasha, au ikiwa bado migumu asubuhi baada ya gari kulala, ni dalili ileile. Kuna dawa ya buluu ambayo hupitishiwa hewa ya rejeta. Ikipata moshi wa injini hugeuka rangi, na kwa dizeli nyingi ya hizo hugeuka kijani. Ni kipimo cha bei ndogo kuliko kufungua kichwa.

Tano, ichomoe fimbo ya oili. Oili iliyofanana na chai ya maziwa imeingiwa na maji. Gari hilo lisiwashwe tena, maana oili hiyo hailindi beringi.

Sita, pima nguvu ya silinda. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa dhaifu pamoja, mara nyingi gaskiti imekatika katikati yake. Fundi atumie geji ya dizeli. Ya petroli haistahimili.

MAMBO YANAYODANGANYA

Moshi mweupe si ushahidi peke yake. Asubuhi ya baridi dizeli yaweza kutoa moshi mweupe wa mafuta yasiyoungua, kwa sababu ya hita plagi mbovu au nozeli. Moshi huo huuma macho na kunuka dizeli. Moshi wa maji ni mvuke, na kama maji yana dawa hunuka utamu, tena hauishi hata injini ikipata moto.

Oili ndani ya rejeta nayo si gaskiti daima. Injini nyingi za dizeli zina kipozeo cha oili kinachozungukwa na maji. Kikitoboka, vitu hivi viwili huchanganyika. Na dizeli za siku hizi nyingi zina kipozeo cha moshi unaorudishwa ndani ya injini. Hicho kikipasuka maji hupotea kimya, hamwoni tone chini, na moshi mweupe hutoka nyuma. Watu wamefunguliwa vichwa vya injini kwa ajili ya kipozeo hicho. Muulizeni fundi amekipima kabla hajashika spana.

KAMA NI GASKITI KWELI

Hapo yafaa kusimama karibu na kazi. Kichwa kiwekewe rula ya chuma iliyonyoka na kupimwa kwa fila geji, kionekane kama kimepinda, halafu kikaguliwe nyufa. Kukikwangua si jambo la kukisia. Injini nyingine za dizeli haziruhusu kabisa. Kwa injini nyingi za dizeli gaskiti huuzwa kwa unene mbalimbali, nao huchaguliwa kwa kupima jinsi pistoni inavyotokeza juu ya bloku. Alama za matundu au pengo pembeni ya gaskiti huonyesha unene wake. Bolti zikazwe kwa spana ya kupimia mkazo, kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua za kitabu cha injini hiyo; na zile za kutumika mara moja zisirudishwe.

Nanyi mlipeni fundi kwa kupima, hata kama hakubadilisha kitu. Kupima ni kazi, na kazi ina mshahara. Sisi tunaodai haki yetu kila mwezi tukimnyima fundi ujira wa kupima, twamsukuma atafute shilingi zake kwa kufungua kisichohitaji kufunguliwa.

MKIWA NJIANI

Mshale ukipanda, simamisha gari mahali salama. Usiseme, "Nitafika Josa tu." Kama maji yanamwagika au mvuke unatoka, zima injini mara moja. Na mshale ukishuka ghafula baada ya kupanda, usifurahi kama nilivyofurahi mimi.

Usifungue kifuniko cha rejeta yenye moto. Maji yale yako juu ya nyuzi 100. Presha ikiondoka hulipuka kuwa mvuke usoni mwako. Ngoja hata saa nzima. Ukifungua, tumia kitambaa kizito, geuza kidogo kidogo, uso ukiwa mbali. Wala usimtume taniboi kwa kuwa ni mdogo. Macho yake ni mawili kama yako. Tena usimwagie injini moto maji baridi, utakipasua kichwa kilichokuwa kizima.

Injini ikikataa kuzunguka baada ya kulala, na starta inagonga mara moja na kukwama, usiilazimishe wala usilisukume gari. Maji yaweza kuwa juu ya pistoni, nayo hayakandamiziki. Kitakachopinda ni mkono wa pistoni. Toa nozeli au hita plagi, kisha zungusha kwa mkono.

Na maji ya visima yenye chumvi msiyatie isipokuwa kwa kujiokoa njiani. Hula aluminiamu na kujaza rejeta magamba. Tieni dawa ya rejeta pamoja na maji safi. Lakini mwifiche, kwa sababu iliyo nyingi ni tamu kidogo nayo ni sumu. Mtoto akiinywa yaweza kumwua.

NENO LA MWISHO

Tulipokutana baada ya hasara, nilisimama nikasema ukweli wote. Nilitazamia matusi. Mzee mmoja wa gengi aliuliza, "Kwa nini hukusema siku ya kwanza?" Nikamjibu, "Niliogopa kulipa." Pakawa kimya. Kisha wawili wengine wakasema kwamba nao katika zamu zao walijaza kikombe wakanyamaza.

Basi sheria ile ndiyo iliyotuharibia injini, pamoja na woga wangu. Tuliifuta. Sasa gari lina daftari. Kila asubuhi anayelipokea huandika maji, oili na maili. Aliyeona upungufu na kuusema halipi. Matengenezo hutoka katika mfuko wetu sote. Anayeulizwa ni aliyeficha.

Hilo ndilo nililotaka kuwapa, ndugu, hata kwa wenye magari na wakubwa wa kazi wanaotusikiliza. Dereva anayeadhibiwa kwa kuleta habari mbaya ataacha kuileta, lakini ubovu hautaacha kuwapo. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza: mtu asiyeruhusiwa kuuonyesha ufa, nani ataziba?

Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha, fungueni boneti mtazame.