Kubadili Kitako cha Boti Kongwe ya Mwendo Kasi: Kitangulie Nini, Kisiguswe Nini

Mada kwa semina ya mafundi wa boti za faiba



1. Utangulizi

Boti ya faiba iliyotunzwa huishi kuliko mashine zake. Ndiyo maana karakana zetu hupokea boti zenye umri wa miaka 30 na zaidi, miili yake bado ina nguvu, na mwenye mali ana ombi moja kati ya mawili: "Fundi, nataka ikimbie zaidi," au "Inanipiga sana kwenye mawimbi, nitengenezee V." Maombi haya yana haki. Boti mpya ni ghali, na boti kongwe mara nyingi imejengwa kwa faiba nene.

Hata hivyo, kitako cha boti ya kasi, yaani sehemu ya chini inayokanyaga maji, hakijitegemei. Kimefungamana na mahali mashine ilipokaa, tangi la mafuta lilipo, na mataruma yanayobeba vishindo. Ukikigusa, umevigusa vyote. Hoja yangu leo ni hii: kabla ya kubadili umbo, turudishe kwanza lile alilolikusudia msanifu. Baada ya hapo, kama bado kuna haja, tubadili jambo moja kwa wakati, huku tukijua uzito na nguvu vinahamia wapi.

2. Boti ya kasi inabebwa na nini

Ikiwa imesimama, boti hubebwa na maji inayoyasukuma pembeni. Ikiongeza mwendo, kitako hukandamiza maji na maji nayo huisukuma juu, mpaka sehemu kubwa ya mwili hutoka majini na boti huteleza juu ya uso wa bahari. Hapo mambo matatu hufanya kazi kwa pamoja: pembe ya omo kuinuka, pembe ya V ya kitako, na mahali kilipo kitovu cha uzito. Mwaka 1964 mtaalamu wa Marekani, Daniel Savitsky, alichapisha milinganyo inayounganisha mambo haya, na wasanifu wanaitumia mpaka leo.

Kwa fundi, maana yake ni nyepesi kushika. Omo ikilala mno, eneo kubwa la kitako hulowa na msuguano huongezeka. Ikiinuka mno, boti huburuta tezi na kula mafuta. Boti nyingi hukimbia vizuri omo ikiwa imeinuka kati ya digrii 3 na 5. V ikiwa kali, boti hupasua mawimbi kwa ulaini, lakini hupoteza sehemu ya nguvu ya kunyanyuliwa, kwa hiyo inadai mashine kubwa zaidi. Uzito ukirundikana nyuma, omo huanza kupanda na kushuka yenyewe hata kwenye maji matulivu, boti ikaruka kama pomboo. Nahodha akipuuza dalili hiyo anaweza kupoteza usukani.

3. V ya kina ilikotoka

Kabla ya mwaka 1960, boti nyingi za kasi zilikuwa na V kali mbele ambayo ilijifuta taratibu hadi kuwa karibu bapa kwenye tezi. Zilikuwa nyepesi kuinuka, lakini ziliadhibu abiria bahari inapochafuka. Msanifu wa Marekani, Ray Hunt, aliiendeleza V hiyo hadi kwenye tezi bila kuipunguza sana, akaweka na mbavu za nje zinazokwenda kwa urefu wa kitako. Mwaka 1960, boti ya muundo huo iliyoitwa Moppie, mali ya Richard Bertram, ilishinda mbio za Miami hadi Nassau katika bahari mbaya. Kutokana nayo ikazaliwa Bertram 31, yenye pembe ya takriban digrii 24 kwenye tezi.

Ushindi huo ndio mzizi wa ombi la "nitengenezee V." Lakini Hunt alibuni boti nzima: upana wake, uzito wake, mahali pa mashine na nguvu yake. Boti iliyozaliwa na kitako bapa haina hesabu hizo. Kuibandikia V chini yake kunaiongezea uzito na kina majini, kunaifanya ilale upande ikiwa imesimama, na mashine ya zamani haitoshi tena kuinyanyua. Kwa boti ya abiria, ushauri wangu ni kwamba kazi hiyo isifanywe. Mwenye mali anayehitaji V ya kina atafute boti iliyozaliwa nayo.

4. Rudisha umbo kwanza

Maradhi makubwa ya boti kongwe ni kitako kilichopinda. Boti ikikaa miaka juu ya trela au magogo yasiyofika kwenye tezi, na mashine nzito ikining'inia nyuma, faiba huanza kubonyea. Matokeo ni ya aina mbili. Kitako kikibonyea kwenda ndani karibu na tezi, maji huisukuma tezi juu, omo hulala na mwendo hupungua. Kikibinuka kwenda nje, maji yanayopita juu ya mbinuko huivuta tezi chini, omo huinuka na boti huanza kuruka.

Uchunguzi hauhitaji mtambo. Geuza boti au inyanyue mahali penye nafasi, kisha kwangua rangi yote ya kuzuia viumbe vya baharini. Chukua rula ya alumini iliyonyooka, yenye urefu wa mita mbili, uilaze kitakoni sambamba na mkuku, ncha moja ikiwa ukingoni mwa tezi. Mtu wa pili aweke taa upande wa pili wa rula. Mwanga unaopenya chini ya rula ndio unaokuonyesha ugonjwa. Pima mwanya kwa vipande vya bati, uuandike kwa penseli palepale kitakoni, kisha sogeza rula sentimita 20 na urudie, kutoka mkuku hadi kona ya ubavu, pande zote mbili. Kwa boti ya kasi, mwanya wa milimita 3 unatosha kubadili tabia yake. Kama upande wa kulia hautofautiani na wa kushoto kwenye michoro yako ya penseli, ugonjwa ni mmoja. Kama unatofautiana, umepata sababu ya boti kulalia upande mmoja ikikimbia.

Angalia pia ukingo wa nyuma, pale kitako kinapokutana na ukuta wa tezi. Pitisha kidole. Ukingo mpya hukwaruza ngozi. Wa boti kongwe, baada ya rangi nyingi na viraka, huwa mviringo. Maji hayaachii ukingo wa mviringo. Huung'ang'ania, yakapanda nyuma ya tezi na kuivuta chini. Kuurudishia makali ukingo huo na kona za ubavu ni kazi ya gharama ndogo, na mara nyingi ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote.

5. Mabadiliko yanayokubalika

*Kabari na vibao vya tezi.* Omo ikikataa kulala, kabari nyembamba chini ya tezi huisukuma tezi juu. Lakini kabari haiondoki bahari inapobadilika. Ukizidisha, omo huchimba maji na, mawimbi yakija kwa nyuma, boti huweza kugeuka ghafla kwa ubavu. Vibao vya kurekebishwa kutoka kwenye usukani ni salama zaidi.

*Mbavu za nje.* Hutupa maji pembeni na kuongeza mnyanyuko, sharti uso wake wa chini uwe bapa na ukingo wake wa nje uwe mkali. Zile za karibu na mkuku zisifike hadi mbele ya rafadha, kwa sababu hupeleka hewa kwenye rafadha, nayo ikazunguka bila kushika maji.

*Kurefusha tezi.* Huongeza eneo la kunyanyulia na husaidia boti iliyolemewa na mashine nzito za mipigo minne. Sehemu mpya lazima ifuate mstari uleule wa kitako. Ikishuka hata kidogo, umejenga ubonyeo kwa mikono yako. Na kwa kuwa mashine inasogea nyuma, ukuta wa tezi na mataruma yaongezewe nguvu.

6. Funzo la Blue Bird K4

Kisa kinachotufaa ni cha boti ya Uingereza, Blue Bird K4, iliyojengwa na kampuni ya Vosper. Mwaka 1939, kwenye ziwa Coniston, Malcolm Campbell aliweka nayo rekodi ya dunia ya maili 141.74 kwa saa, karibu kilomita 228. Baada ya vita iliwekewa injini ya jeti, ikawa haitulii. Mwanawe, Donald, akairudishia injini ya Rolls-Royce. Mwaka 1950 boti ya Marekani, Slo-mo-shun IV, ikapita maili 160 kwa saa kwa mbinu mpya: tezi iliruka juu ya maji, na boti ikabebwa nyuma na rafadha iliyozama nusu. Donald akaibadili K4 ifuate mbinu hiyo.

Mwendo ulipatikana kweli. Mwaka 1951 ilishinda hata mashindano nchini Italia. Kisha mwaka huohuo, kwenye Coniston, ikiwa karibu maili 170 kwa saa, mwili wake ulishindwa, ikaharibika kabisa. Donald na fundi wake, Leo Villa, walinusurika. Boti ya mwaka 1939 ilikuwa imepewa kasi na namna ya kubebwa ambavyo mwili wake haukujengewa.

Mrithi wake, K7, anafundisha upande wa uzito. Mwaka 1966 ilibadilishiwa injini, na ikabidi mgawanyo wa uzito urekebishwe upya kabla haijakubali kukimbia. Kama boti iliyosimamiwa na wahandisi bingwa ilidai hivyo, mashine mpya tunayoifunga kwenye boti ya abiria inadai vivyo hivyo.

7. Mapendekezo

Kwanza, kila kazi ianze na mizani. Boti ipimwe uzito na kitovu chake kijulikane. Boti nzito kuliko inavyopaswa huenda imenyonya maji kwenye mbao zilizofichwa ndani ya faiba, na hilo hutibiwa kwa ndani, si kitakoni.

Pili, nyongeza yoyote ishikane kweli na faiba ya zamani. Sagia mteremko mrefu, mara 12 ya unene, utumie rezini ya epoksi, ambayo hushika faiba iliyokwisha kukauka vizuri zaidi kuliko poliesta.

Tatu, tufanye jambo moja, tuijaribu boti, tuandike. Mwendo kwa noti, mizunguko ya mashine, mafuta na idadi ya watu viandikwe kabla na baada, ikiwa tupu na ikiwa imejaa.

Nne, boti iliyobadilishwa irudi kwa wakaguzi, iwe TASAC Tanzania Bara, Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar au ile ya Kenya, kabla ya kupakia abiria. Cheti cha zamani kilitolewa kwa boti nyingine.

Naomba semina hii ikubaliane juu ya fomu moja ya vipimo itakayotumika katika karakana zetu zote, ili fundi wa Lamu na wa Mafia waweze kulinganisha kazi zao kwa tarakimu. Abiria anayepanda boti hana njia ya kukiona kitako chake. Sisi ndio tuliokiona, na dhamana ya maisha yake iko kwetu.