Mwenye Daftari Ndiye Mwenye Nguvu
(Hotuba kwa wanachama wa Thika na Ruiru)



Reli ilifika Thika mwaka 1913, kuchukua mazao ya walowezi. Sisi twaifanyia kazi reli, lakini leo twataka kusema habari za ardhi.

Watu walipoungana kudai ardhi yao, serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari mwezi Oktoba 1952. Lakini haikutumia bunduki peke yake. Mwaka 1954 ulikuja mpango wa Bwana Swynnerton: vipande vya ardhi viunganishwe, vipimwe, viandikwe, na mwenyewe apewe hati. Hapa jirani, Kiambu na Fort Hall, ardhi ilipimwa huku maelfu wakiwa kizuizini. Machifu na askari wao walikuwapo. Aliyekuwapo aliandikwa, asiyekuwapo, wengi walipunjwa.

Hata hivyo umoja wetu haukupotea bure. Mwaka 1962 ulianza mpango wa kununua ekari milioni moja za walowezi. Wananchi walipewa mashamba, lakini kwa deni, na mwenye deni humwogopa anayemdai.

Baada ya Uhuru wa 1963, watu wengi walichanga fedha wakanunua mashamba ya Ruiru na Thika kwa kampuni na vyama. Wengine walizeeka na cheti cha hisa mkononi, bila hati.

Ndugu, mkutano humwondoa bwana wa zamani. Daftari ndilo humweka mpya. Tukichanga, tudai hati. Wakipima, tuwepo. Mali bila daftari hupotea bila habari.